Mtu wa theluji uani kwa mama, Mucojo

NILIKUWA na mabonge sita ya barafu kutoka Pemba na pikapu ya kukodi iliyokuwa ikinidai kila saa inayopita. Samaki sikuwa nao hata wa kumwonjesha paka. Ilikuwa Idi el-Fitri ya mwaka 2012, Mucojo, pwani ya wilaya ya Macomia, jimbo la Cabo Delgado.

Kosa lilikuwa langu mwenyewe. Nilipiga hesabu kwamba mwezi wa Ramadhani utatimiza siku 30, kwa hiyo siku ya mwisho wavuvi watatoka alfajiri kama kawaida, nami nitanunua changu na nguru wa kupeleka mjini watu wapate kitoweo cha sikukuu. Nikapakia barafu jioni. Nikiwa njiani, mwezi ukaandama. Nilipoingia Mucojo usiku, nilipokewa na takbira kutoka msikitini, na ufukweni vyombo vyote vilikuwa vimeshavutwa juu ya mchanga. Nani atakwenda baharini siku ya Idi? Tena kusi ilikuwa inavuma vibaya.

Msomaji anayefanya biashara ya samaki ananielewa. Barafu haina subira. Kutoka Pemba hadi Macomia ni karibu kilomita 200 za lami yenye mashimo, halafu unaiacha barabara kuu na kushika njia ya vumbi na mchanga kilomita 40 na ushee hadi baharini. Nilikuwa nimeifukia barafu katika pumba za mpunga na kuifunika magunia na turubai, kama tunavyofanya wote, lakini hata hivyo robo yake ilikuwa imeshakuwa maji. Ningeirudisha Pemba, ingefika ukubwa wa tofali. Mucojo hapakuwa na mtu wa kumuuzia, maana nani ananunua barafu mahali pasipo na samaki wapya?

Basi nilikaa kwenye mkeka uani kwa mama yangu baada ya sala ya Idi, nikanywa chai, nikawatazama watoto wakizunguka ile pikapu na nguo zao mpya. Wanalichokonoa turubai, wanagusa barafu, wanapiga kelele na kukimbia. Ndipo nikakumbuka Karl-Marx-Stadt.

Safari ya mwaka 1986

Mimi ni mmoja wa wale wanaoitwa Madjermane. Jina hilo walitupa watu wa Maputo, na kila mtu ana maelezo yake lilikotoka. Maana yake ni kwamba tulikwenda Ujerumani, na Ujerumani yenyewe ni ile ya Mashariki, ambayo leo haipo kwenye ramani.

Februari 24, 1979, Erich Honecker akiwa mgeni wa Samora Machel mjini Maputo, nchi hizi mbili zilitia saini mkataba wa urafiki, na pamoja nao makubaliano ya kupeleka vijana wa Msumbiji kufanya kazi katika viwanda vya Ujerumani Mashariki. Tuliambiwa tunakwenda kujifunza ufundi, tukirudi tujenge viwanda vyetu. Mwisho wa mwaka 1989 tulikuwa takriban 15,000 kule. Wengine walichimba makaa ya mawe, wengine walifunga magari, wengine walichinja ng'ombe. Malori ya IFA yaliyokuwa yakihangaika kwenye barabara zetu miaka ya themanini yalitoka huko huko, mji wa Ludwigsfelde, na ndugu zetu walikuwa miongoni mwa walioyafunga nati.

Mimi nilipangiwa kiwanda cha kusokota nyuzi. Nilikuwa na miaka 19. Mtoto wa pwani, sijawahi kulima pamba hata mche mmoja. Pamba ni habari ya watu wa bara, wazee wa Montepuez na kwingineko, ambao Mreno aliwalazimisha kuilima kwa kiboko. Mimi nikaikuta pamba Ulaya, inanisubiri kwenye mashine, na vumbi lake jeupe likawa linanijaa puani zamu nzima.

Mama hakupenda niende, lakini hakunizuia. Alinishonea kofia. Wanaojua kofia ya mkono wanajua ni kazi gani: kila tundu linatobolewa na kuzungushiwa uzi peke yake, na kofia moja inaweza kula miezi. Aliianza siku jina langu lilipotoka, akaimaliza wiki niliyoondoka. Akaniambia, "Mwanangu, huko hawatakujua wewe ni wa nani. Vaa hii."

Bweni letu lilikuwa jengo la ghorofa tano pembezoni mwa mji. Sheria ilisema kila mtu apate angalau mita 5 za mraba, na chumba kimoja kisizidi watu wanne, basi tulikuwa wanne. Mlangoni alikaa mzee wa Kijerumani mwenye daftari. Kila anayeingia anaandikwa, kila mgeni anaacha kitambulisho, na saa ikifika mgeni anatolewa. Mzee yule hatukumpenda, na nadhani naye hakutupenda, mpaka siku ninayotaka kuisimulia.

Januari 1987 baridi ilikuwa ya kuua. Waliokuwa Ulaya mwaka ule wanaikumbuka. Makaa yaliganda ndani ya mabehewa ya treni, yakawa yanapigwa nyundo ili yatoke. Theluji ilianguka usiku, na asubuhi tulipofungua pazia, uwanja wote nyuma ya bweni ulikuwa mweupe. Hapakuonekana njia, wala majani, wala lile pipa la taka. Kitu kilichonishangaza zaidi ya weupe ni ukimya. Mvua yetu inapiga kelele juu ya makuti na bati, unajua imekuja. Hii ilikuja kama mwizi.

Hapa niseme neno juu ya lugha, maana nimekuwa nikilifikiria. Kimwani chetu ni ndugu wa Kiswahili, na kwetu neno tunalolitumia ni barafu, wengine husema gelo kwa Kireno. Barafu ni ile unayoiona kwenye friji ya duka. Neno lenyewe asili yake ni Uajemi, na kule Uajemi maana yake ni theluji. Mabaharia walilileta neno, mzigo wenyewe ukabaki. Theluji nalo ni la Kiarabu, la vitabuni. Kwa hiyo nilipotaka kumwandikia mama barua kumweleza nilichokiona, sikuwa na neno la kutumia. Niliandika, "Huku barafu inaanguka kutoka juu." Barua ilisomwa mbele ya watu na mwalimu. Watu wakacheka sana.

Tulishuka uani tukiwa saba au wanane, siku hiyo tulikuwa zamu ya usiku. Tulikuwa tumeshaona picha za yule mtu wa theluji kwenye kadi za Krismasi na kwenye televisheni. Tukasema tumtengeneze wa kwetu. Tukashindwa. Theluji ilikuwa kavu kama unga wa muhogo uliokaa juani. Unaifinyanga, inakumwagika kati ya vidole. Unaipiga kofi, inaruka. Mmoja wetu, kijana wa Quelimane, akasema Wajerumani wanatumia gundi, na kwa muda tulimwamini.

Yule mzee wa mlangoni alikuwa anatutazama dirishani. Mwishowe akatoka. Akaokota theluji kidogo, akaibana kiganjani, akaimwaga, akatikisa kichwa. Akatuonyesha kipimajoto kilichokuwa kwenye fremu ya dirisha, kikiwa chini kabisa, akanyanyua kidole juu taratibu hadi karibu na sifuri. Akasema neno moja tulilolielewa: msubiri.

Tulisubiri siku kadhaa. Nimekuja kujua baadaye kwamba mzee alikuwa na haki. Theluji hushikana pale joto linapokaribia nyuzi sifuri, inapoanza kuwa na unyevu ndani yake. Baridi ikizidi inakuwa vumbi, na joto likizidi inakuwa uji. Kuna saa chache tu za kufanya kazi hiyo.

Siku ilipofika, mzee mwenyewe ndiye aliyegonga mlango wetu. Alitufundisha. Unafanya donge la ukubwa wa ngumi, unaliweka chini, unaliviringisha. Theluji ya chini inanyanyuka na kujikunja juu ya donge kama mkeka, na nyuma yake unaacha njia ya majani. Usiviringishe upande mmoja tu, utapata pipa badala ya mpira. La chini liwe kubwa kiasi cha watu wawili kulisukuma, la katikati wawili walinyanyue, la juu mtu mmoja. Kati ya donge na donge unasindilia theluji kama unavyojaza udongo kwenye fito za nyumba. Macho yalikuwa vipande vya makaa kutoka stoo. Pua ilikuwa karoti. Mkono mmoja ulishika fagio.

Mzee alileta sufuria kuukuu liwe kofia, kama desturi yao. Ndipo wenzangu wakaanza utani. Huyu akivaa sufuria ni Mjerumani, wakasema, lakini amejengwa na mikono ya Msumbiji, kwa hiyo ni mtu wetu. Wakanitazama mimi kichwani.

Nilikataa. Kisha nikacheka. Kisha nikaivua ile kofia na kumvisha.

Alikuwepo mwenzetu aliyekuwa na kamera ya Praktica, akatupiga picha. Tukaenda kula, tukalala tukisubiri zamu, na mimi kofia nikaisahau palepale. Tulipotoka zamu asubuhi tukakuta mtu wetu amepigwa mateke, vipande vimetapakaa uani, fagio limevunjwa. Kofia haikuwepo. Nilitafuta ndani ya theluji kwa mikono mitupu hadi vidole vikafa ganzi. Yule mzee alitoka na koleo kunisaidia. Hakusema chochote na mimi sikumuuliza kitu. Theluji ya mwaka ule ilipoyeyuka yote, nilizunguka tena ule uwanja. Nilikuta karoti imeoza.

Mshahara uliobaki nyuma

Wasomaji wengi watataka kujua habari ya pesa, na wana haki. Kila mwezi sehemu ya mshahara wetu ilikatwa. Mwanzoni ilikuwa robo, na kuanzia mwaka 1986 ikawa asilimia 60 ya kila kinachozidi mark 350. Tuliambiwa fedha hizo zinatumwa nyumbani, tukirudi tutalipwa kwa metikali. Fedha hizo hazikuja kukaa kwenye akaunti yoyote yenye jina letu. Zilihesabiwa katika deni ambalo Msumbiji ilikuwa ikidaiwa na Ujerumani Mashariki. Sisi tulikuwa tunasokota nyuzi na kulipa deni la taifa bila kujua.

Novemba 9, 1989 ukuta wa Berlin ulifunguka. Wajerumani walishangilia, nasi tulishangilia nao kwa muda mfupi. Mwaka uliofuata viwanda vikaanza kufungwa, na wa kwanza kutolewa walikuwa wageni. Kwa kanuni za wakati ule, aliyeachishwa alistahili asilimia 70 ya mshahara kwa miezi mitatu, mark 3,000 na tiketi ya ndege. Wengi wetu hatukujua, na aliyejua hakujua amuulize nani. Na mitaani hali ilibadilika. Ndugu yetu Jorge Gomondai aliyebaki Dresden alishambuliwa ndani ya tramu usiku wa Pasaka ya 1991, akafariki Aprili 6. Alikuwa na miaka 28. Septemba ya mwaka huo, Hoyerswerda, watu walizingira bweni la Wasumbiji na kulipiga mawe siku kwa siku, hadi wakaondolewa kwa mabasi.

Mimi nilikuwa nimesharudi. Kasha langu la mbao liliteremka Maputo likiwa na pikipiki ya Simson, cherehani na redio. Nchi ilikuwa vitani, amani ya Roma ilikuwa bado miaka miwili. Nikakaa Maputo miezi kadhaa nikisubiri pesa yangu, nikauza Simson nipate kula, nikauza cherehani nipate nauli ya kwenda kaskazini. Nilifika Mucojo na redio na koti zito ambalo hakuna mtu angeweza kulivaa pale hata usiku wa Julai.

Mama alinipokea, akanitazama usoni, halafu kichwani. "Kofia iko wapi?"

Nikamwambia upepo uliichukua nikiwa kwenye ngazi ya ndege, Berlin.

Hakuniuliza tena. Lakini wale mliowahi kurudi kutoka mbali mikono mitupu mnajua maneno ya majirani yanavyotembea. Huyu alikwenda Ulaya miaka minne, wenzake wamejenga, yeye ameleta redio. Amekula pesa na wanawake wa Kizungu. Habari ya makato nilipoisimulia ilionekana kama ile barafu inayoanguka kutoka juu. Mama hakuwa mtu wa maneno, lakini najua aliyasikia yote, na sijui ni lini aliamua kuyaamini au kutoyaamini.

Nikaingia kwenye biashara. Samaki wakavu, majongoo bahari, mikeka, chochote cha kuvusha Ruvuma hadi Mtwara, na kurudi na sabuni, kanga na betri. Kiswahili hiki ninachoandikia nilikinoa kwenye mitumbwi ya mto huo na kwenye gesti za Mtwara. Lile Daraja la Umoja lililofunguliwa Mei 2010 pale Mtambaswala na Negomano ni zuri kwa malori, lakini sisi wa pwani liko mbali nasi, na mtumbwi wa mdomoni mwa mto bado ulikuwa na wateja wake.

Wenzangu wa Maputo hawakukaa kimya. Kwa miaka mingi waliandamana kila Jumatano, na bustani ya 28 de Maio wanayokutania watu wanaiita kwa jina lao. Miaka ya 2000 serikali ilianza kulipa sehemu ya fedha kwa waliokuwa na karatasi zao, na ugomvi wa kiasi gani kinadaiwa haukuisha. Mimi nilikwenda kwenye ofisi moja, sina haja ya kuitaja, na baada ya safari nyingi nilipata kiasi cha kununua bati za chumba kimoja. Nilimwezekea mama. Akasema ahsante.

Kinu cha mama

Turudi kwenye ile Idi ya 2012. Niliwaita watoto nikawaambia leteni kinu. Walileta viwili, na michi minne. Barafu tukaivunja kwa shoka, tukaitia kinuni, wakaanza kutwanga kwa zamu huku wakiimba kama wanatwanga mpunga. Barafu iliyotwangwa vizuri haina tofauti kubwa na ile theluji ya Saksonia ikiwa na unyevu. Inashikana. Tatizo ni mchanga. Huwezi kuviringisha donge uani Mucojo, utatengeneza mtu wa mchanga. Kwa hiyo tulitandika gunia chini ya mwembe, tukasindilia barafu kwenye beseni, tukapindua. Juu yake ndoo ndogo, tukapindua. Kichwa nilikifinyanga mwenyewe, na mikono ikaniuma maumivu yale yale, ya kwenye mifupa, ambayo nilikuwa nimeyasahau kwa miaka 25.

Macho tukaweka mkaa. Karoti hazikuwepo, tukamtia pilipili nyekundu. Mikono ilikuwa vijiti vya kuti la mnazi, mmoja ukashika fagio la chelewa. Kijukuu kimoja kikaja na msiro wa dada yake, ule wa kupaka usoni, kikataka kumpaka. Tukakiambia huyu hahitaji, ni mweupe tayari.

Uani palijaa watu. Walikuja wazee waliotoka msikitini, walikuja wavuvi ambao kwa sababu yao barafu ilikuwa imenifia mikononi, wakanipa pole na kucheka. Shehe mmoja akauliza kama si sanamu hili, siku ya Idi, nami nikamwambia shehe, mpe saa mbili tu, hatakuwepo.

Mama alikuwa amekaa barazani, macho yake yalikuwa yameanza kuwa na ukungu. Akainuka, akaja na fimbo yake. Akaweka kiganja kifuani pa yule mtu. Akakiacha pale. Nilidhani atakitoa mara moja kama wengine, hakukitoa. Maji yakaanza kupita katikati ya vidole vyake.

"Hii ndiyo iliyokuwa inaanguka?"

"Ndiyo mama."

"Juu yenu?"

"Juu yetu, na barabarani, na juu ya paa. Tulikuwa tunapita humo kwenda kazini."

"Kila siku?"

"Miezi mitatu, minne, kila mwaka."

Akautoa mkono, akautazama, akaufuta kwenye kanga. "Hukuniambia kama uliteseka," alisema. "Ulisema tu inaanguka. Mimi nilidhani ni kitu cha kuchezea."

Nilitaka kumjibu kwamba ilikuwa pia kitu cha kuchezea, lakini aliendelea kumtazama yule mtu. "Na huyu mbona kichwa wazi? Huko mlimvisha nini?"

Hapo msomaji, nilikuwa na mtu wa umri wa miaka 45, mwenye wajukuu, nimesimama mbele ya majirani na mikono inayotiririka maji. Sufuria lilikuwepo katika kisa hiki, ningeweza kulitaja. Nikasema, "Kofia."

"Kofia gani?"

Sikujibu. Mtoto mmoja akacheka bila kujua anacheka nini. Mama akageuka, akaingia ndani taratibu. Alikaa muda mrefu hadi nikaanza kufikiri kwamba amekwenda kulia au kulala. Alipotoka alikuwa na kofia nyeupe mkononi, ya kushonwa, imekaa sandukuni mpaka mikunjo imegeuka manjano. Sijui alimshonea nani, wala lini. Akamvisha yule mtu wa barafu, akaiweka sawa kama mnavyowaweka sawa watoto wa kiume kabla ya sala, akarudi barazani kukaa.

"Mwangalie," akaniambia. "Usije ukaisahau na hii."

Nilikaa chini ya mwembe hadi alasiri. Saa saba pilipili ilidondoka. Saa nane kichwa kikalala upande mmoja, nikaichukua kofia kabla haijaanguka, ikiwa imelowa. Mbuzi walikuja kunywa maji kwenye gunia.

Katikati ya karne ya 19, Mei 1848, mmisionari wa Kijerumani Johannes Rebmann alikuwa anasafiri kutoka pwani ya Mombasa kwenda Uchagani alipoona kitu cheupe juu ya mlima Kilimanjaro. Alimuuliza kiongozi wa msafara ni nini kile, naye akamjibu tu kwamba ni baridi. Rebmann aliandika kwao kwamba ameona theluji karibu na ikweta, na mabingwa wa jiografia mjini London walimcheka kwa miaka, mmoja wao, Cooley, akamkejeli waziwazi. Nilipokisoma kisa hicho nilimpenda sana yule kiongozi wa msafara. Hakuwa na neno la theluji, akataja kile ambacho mkono unakisikia.

Picha kwenye simu

Mama alifariki mwaka 2015, kabla ya hayo yote. Hakuiona Oktoba 2017 mapigano yalipoanza Mocímboa da Praia, wala Kimbunga Kenneth kilichopiga pwani yetu Aprili 25, 2019 na kung'oa ule mwembe. Mwaka 2020 tulikimbia kwa mashua. Tulilala baharini usiku mbili na kushukia ufukwe wa Paquitequete, Pemba, tukiwa miongoni mwa maelfu walioshukia pale. Nyumba ilichomwa na bati zake. Katika chumba hicho kulikuwa na mkebe wa biskuti wenye mkataba wangu wa kazi, karatasi za mishahara, na ile picha ya Januari 1987. Ile kofia ya pili nilikuwa nimeivaa.

Baadhi ya majirani zangu walirudi Mucojo hali ilipotulia kidogo, wakaezeka upya. Januari 2024 wapiganaji wakaingia tena, wakakimbia tena. Ninaowajua mimi wana vitambulisho walivyovibeba mwilini, na karibu kila kitu kingine cha karatasi kimebaki kule. Hati ya nyumba, kadi ya kliniki ya mtoto, leseni ya biashara. Wanaovuka mpaka wanajua namna karatasi moja ikikosekana inavyomgeuza mtu kuwa mtuhumiwa mbele ya ofisa asiye na haraka. Siku hizi najua vijana wanaopiga picha karatasi zao na kumtumia ndugu aliye Mtwara au Maputo azitunze kwenye simu yake. Sisi tulikuwa tunaamini mkebe.

Mwaka 2023, yule mwenzetu wa Praktica, ambaye alioa kule akabaki, na mji wake sasa unaitwa Chemnitz kama ulivyoitwa zamani, alinitumia picha kwa WhatsApp. Ndiyo ile ile. Tuko saba, wa nane ndiye aliyepiga. Wawili najua wamefariki. Yule mzee wa mlangoni yuko pembeni, sufuria ameliweka chini ya kwapa. Katikati amesimama mtu wa theluji na kofia ya mama yangu kichwani, matundu yote yanaonekana.

Paquitequete yuko fundi wa kofia, mtu wa Ibo. Nilimwonyesha. Akaikuza picha kwa vidole viwili, akaisogeza karibu na macho, akahesabu safu. Akasema huu ni mshono wa Mucojo, wa watu wa zamani, siku hizi hawaushoni kwa sababu unachosha na wanunuzi wa Mtwara hawalipi zaidi. Akaniuliza huyu jamaa mweupe aliyeivaa ni nani.

Nikamweleza. Akaitazama tena picha, akasema anaweza kuuiga, lakini itamchukua miezi mitatu, na nusu ya fedha anataka mkononi. Nimempa.